Neno la Bi Mwatima Bungeni

Asubuhi aliyochukuliwa Tayabali, Bi Mwatima Borafya alikuwa amesimama mbele ya dirisha la dawa, kwenye kituo cha matibabu alikofanya kazi mtu huyo, kikapu mkononi, akingoja pamba na spiriti. Ilikuwa Alkhamisi, mwaka wa sitini na tano, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, masika yanaanza kulegea. Bi Mwatima alikuwa mkunga wa Mlandege, mjini Unguja, mwanamke wa miaka arubaini na mbili, mzaliwa wa Matemwe, ameachika bila ya mtoto. Nusu ya watoto waliokuwa wakikimbizana katika vichochoro vya mtaa ule walipita mikononi mwake kabla hawajapita pengine popote. Tayabali naye alikuwa Bohora, Mhindi Mwislamu, mtoa dawa, mtu mrefu mpole mwenye koti jeupe na viatu vilivyopigiliwa chuma kwenye kisigino. Ulikuwa ukimsikia kabla hujamwona.

Watu wawili waliingia. Hawakupiga kelele wala hawakumshika mtu.

"Daktari, njoo mara moja," alisema mmoja. "Utarudi kabla ya chakula cha mchana."

Tayabali hakuwa daktari, na siku zote alikuwa akimsahihisha anayemwita hivyo. Siku ile hakusahihisha. Alivua koti, akalitundika msumarini, akazunguka meza. Alipompita Bi Mwatima alimwambia, "Pamba yako hiyo hapo, bibi. Nikirudi nitakuandikia spiriti."

Nje lilisimama gari, na ubavuni mwa gari alikuwapo Hija Jaku, mtu wa chama, ambaye Bi Mwatima alimjua kutoka mikutano ya kina mama. Walitazamana.

"Umekuja kuchukua dawa, Bi Mwatima?"

"Naam."

"Basi chukua, uende zako."

Alichukua pamba akenda zake. Njiani alijiambia kuwa ni mahojiano tu, kwamba siku zile kila mtu alikuwa akiitwa akaulizwa, na wengi walirudi. Ilipofika Ijumaa hakupita kituoni kwenda kutazama. Wala Jumamosi. Juma la pili alituma mtu amletee dawa, na mtu yule alirudi na habari kwamba dirishani kuna mtoa dawa mwengine.

Miezi tisa baadaye Hija Jaku alikuja Mlandege, akamkuta Bi Mwatima anaosha mikono baada ya uzazi mgumu wa pacha. Alikaa juu ya kigoda, akakunja miguu, akasema bila ya mbwembwe:

"Hongera. Jina lako limepita. Unakwenda Dar es Salaam, mbunge."

Bi Mwatima alidhani anafanyiwa mzaha. Visiwani hapakuwa na uchaguzi. Waliokwenda Bunge la Muungano walikuwa wakiteuliwa, na karibu wote walikuwa wanaume waliosoma au waliobeba bunduki. Yeye alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la watu wazima.

"Kwa nini mie, Ndugu Hija?"

"Wanawake wanakuamini," alijibu. Kisha akaongeza, macho yake yakiwa kwenye beseni la maji, "Na weye ni mtu unayejua kutunza mambo."

Neno lile lilimwingia. Ukunga ni kazi ya kusitiri. Mkunga asiyetunza mambo hana wateja. Pengine Hija alikusudia hilo tu. Bi Mwatima alilipindua neno lile usiku na mchana, miaka mingi, na hakupata hata siku moja kujua.

Alipokwenda Matemwe kumuaga mama yake, Bi Tabia, mama alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza, "Mwanangu, huko bungeni kunazaliwa watoto?"

"Hapana, mama. Kunasemwa."

"Basi wamekuchukulia nini weye?"

*

Mbunge hawezi kukaa chumba cha udongo Mlandege, walisema. Akapewa ghorofa ya juu ya nyumba moja Kiponda, nyumba iliyotwaliwa na serikali kama zilivyotwaliwa nyingi. Hakuuliza ilikuwa ya nani. Alijua siku alipofika na sanduku lake na mkeka wake, mlango mkubwa ukafunguliwa na Tahera, mke wa Tayabali, amempakata binti yake wa miaka mitatu. Mtoto yule Bi Mwatima ndiye aliyempokea alipozaliwa, katika nyumba hiyohiyo, ghorofa hiyohiyo aliyopewa. Tahera alikuwa ameachiwa vyumba viwili vya chini.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu."

"Alhamdulillahi wamekuleta weye," alisema Tahera, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa nakhofu watamleta mtu nisiyemjua."

Bi Mwatima alisimama kizingitini. Hapo ndipo pa kusema: mwanangu, nilikuwapo, nilimwona, na nnamjua mmoja wao. Hakusema. Alimshika mtoto kichwa, akauliza kama meno yote yametoka.

Kila siku baada ya alasiri, saa ambayo Tayabali alikuwa akirudi kazini, Tahera aliliondoa komeo la mlango mkubwa, akauacha umerudishwa tu. Magharibi ikiingia alilirudisha. Bi Mwatima alikuwa juu, amerudi tu kutoka kikao chake cha kwanza, siku ya kwanza alipozisikia hatua. Chuma juu ya jiwe, uwanjani, tatu au nne, kisha kimya mbele ya ngazi. Alitoka akainama kwenye ukuta wa roshani. Uwanja ulikuwa mtupu, mlango umerudishwa, na Tahera amekaa juu ya kigoda, kisu na vitunguu mkononi, anautazama mlango.

Alijiambia ni seremala wa nyumba ya pili. Siku ya tatu Tahera alipanda juu na sahani ya mkate wa kumimina, akaiweka, akasema polepole, "Bi Mwatima, ulipokuwa Dar es Salaam juma lililopita, nilikuwa nnasikia mtu anatembea huku juu. Nilipanda. Hapana mtu." Alimtazama usoni. "Na weye unamsikia?"

"Nnasikia."

Tahera alipumua kama aliyetuliwa mzigo kichwani. "Basi sina wazimu."

Jioni ile alizungumza mengi. Alikwenda kila mahali penye mlango, alisema. Pengine aliambiwa amehamishwa, pengine ametoroka kwenda Mombasa, pengine hapana mtu wa jina hilo aliyepata kuletwa. Kaka yake Dar es Salaam alikuwa akimwandikia ahamie kwake, na kulikuwa na mtu mwema, aliyefiwa na mke, aliyekuwa tayari kumwoa pamoja na mtoto.

"Lakini mie nani, Bi Mwatima? Mke au kizuka wa edani? Nikikaa eda, mie ndiye nimemuua. Nisipokaa, na kama amekufa, nimemnyima haki yake. Kila siku nikivaa nguo sijui nivae ya rangi gani." Alimshika mkono. "Weye sasa una pahala pa kuuliza. Usimlaumu mtu. Uliza tu yuko wapi."

"Nitauliza," alisema Bi Mwatima.

Aliandika swali lile kwa mkono wake, mistari miwili, akalikunja akalitia ndani ya mkoba. Wabunge wanawake katika ukumbi wa Karimjee walihesabika kwa vidole. Walikaa mbalimbali, wamejifunga vilemba au wamejitanda kanga, na wanaume walipozungumza habari za wanawake walikuwa wakiwageukia na kutabasamu, kama mtu anavyowageukia wageni kutazama kama wameshiba. Kabla ya kuliwasilisha, Bi Mwatima alimwonyesha swali Hija Jaku, aliyekuwa mbunge naye, na ndiye akiwaangalia wajumbe wa kutoka Unguja. Ndivyo ilivyotakiwa.

Hija alilisoma. Alilisoma tena.

"Nani amekuandikia?"

"Mie mwenyewe."

"Umeandika vizuri." Alilikunja kwa utulivu akalirudisha mkononi mwake. "Mama yako hajambo, Matemwe? Nasikia macho yanamsumbua."

Basi. Hakutishwa kwa jengine lolote. Kikao kile alisema machache juu ya wanawake na masomo ya watu wazima, akapigiwa makofi, na picha yake ikatoka gazetini. Mlandege waliikata wakaibandika ukutani dukani kwa Chimanlal, muuza vitambaa, karibu na kalenda.

"Umeuliza?" Tahera alimwuliza, siku aliporudi.

"Bado."

Mwaka uliofuata alimwuliza tena. Bado. Baadaye Tahera aliacha kuuliza kwa mdomo. Alimpokea mlangoni, akampokea na mkoba, akamtazama tu, na Bi Mwatima akatikisa kichwa. Hakuwa mbunge mbaya. Wanawake wa ng'ambo ya Darajani walimjia na shida zao, akawaandikia barua na kuwasindikiza maofisini. Alipenda kazi ile. Lakini kila aliposimama ukumbini na kukohoa ili aanze kusema, alisikia harufu ya spiriti, kali, kama mtu amefungua chupa nyuma ya sikio lake. Mara moja aligeuka katikati ya sentensi kutazama nani. Mbunge wa nyuma yake alidhani anamwomba maji, akampa.

*

Mwaka wa sabini na moja uliletwa muswada wa sheria ya ndoa. Ukumbi ulichangamka kuliko siku zote. Wanaume waliokuwa wakisinzia kwenye habari za bandari waliamka wakabishana juu ya mke wa pili na umri wa kuolewa. Bi Mwatima alikuwa akifuata karatasi kwa kidole, polepole, maana usomaji wake ulikuwa wa taabu, mpaka akafika kwenye maneno juu ya mume au mke ambaye hajasikika miaka mitano: kwamba atahesabiwa amekufa. Kidole kilisimama hapo. Alihesabu. Kutoka ile Alkhamisi miaka sita ilikuwa karibu kutimu.

Mchana ule hakwenda kumwonyesha Hija Jaku chochote. Aliomba nafasi, akapewa, akasimama. Harufu ilikuja, naye akaiacha ije.

"Mheshimiwa Spika," alianza, "mie ni mkunga. Nnawajua wanawake kwa dhiki zao. Kwetu Unguja yuko mwanamke ambaye mumewe..."

Neno lilikuwa tayari. *Amechukuliwa.* Kila safari alikuwa akilifanyia mazoezi ndani ya meli, akilisema kimyakimya juu ya mngurumo wa mashine. Mbele yake, safu ya tatu, Hija Jaku aligeuza kichwa. Hakukunja uso. Alimtazama vilevile alivyomtazama siku ile ubavuni mwa gari.

"...ambaye mumewe amesafiri," alisema Bi Mwatima, "na hakurudi. Mwanamke huyu sheria hii itamfaa?"

Alijibiwa kwa heshima. Sheria hii ni ya Bara. Haitavuka maji kwenda Visiwani. Kisha mtu mmoja akatia utani kwamba wanaume wa Unguja wanasafiri sana, ukumbi ukacheka, na Spika akamwita mwengine. Bi Mwatima alikaa. Mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuosha maiti.

Alirudi Unguja siku ya Jumamosi. Alipoingia Kiponda, Tahera hakumpokea mkoba. Alikuwa amekaa juu ya kigoda uwanjani, na mlango, ingawa ilikuwa baada ya alasiri, ulikuwa na komeo. Bi Mwatima alilazimika kubisha mpaka binti alipokuja kumfungulia.

"Wamekutaja redioni," alisema Tahera. "Jirani aliniita nisikilize. Wamesema mbunge wa Unguja ameuliza juu ya mke wa mtu aliyesafiri." Aliinua macho. "Tayabali alisafiri, Bi Mwatima?"

"Hapana."

"Weye unajuaje kama hakusafiri?"

Aliuliza bila ya hasira, kama mtu anayeuliza njia. Binti alikuwa amesimama baina yao, miaka minane sasa. Bi Mwatima alimwambia aende kwa jirani. Kisha alikaa chini, juu ya jiwe la uwanja, buibui lake likiwa bado mwilini, akasema yote: pamba, watu wawili, koti kwenye msumari, gari, Hija Jaku, na yale maneno, *basi chukua, uende zako.* Alisema na namna alivyokwenda zake.

Tahera alisikiliza mpaka mwisho.

"Alivua koti?" aliuliza hatimaye.

"Alilivua. Akalitundika vizuri."

"Alikuwa hapendi lichafuke." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Miaka mitano ulikuwa juu ya kichwa changu, ukila mkate wangu, na habari hii umeikalia."

"Nimeikalia."

"Kwa khofu?"

"Kwa khofu. Na baadaye kwa aibu ya khofu."

Tahera aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba. Siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne, asubuhi, alipanda ngazi amejitanda, akasimama mlangoni.

"Jitayarishe," alisema. "Unakwenda na mie kwa kadhi."

Kadhi alikuwa mzee mkavu mwenye sauti ya kukwaruza. Alimsikiliza Tahera, akaitikia kwa kichwa. Miaka imetosha, alisema, kinachotakiwa ni shahidi wa kueleza namna mtu alivyopotea. Bi Mwatima alisogea mbele. Alieleza. Karani alikuwa akiandika, na lilipotajwa jina la Hija Jaku kalamu ilisimama juu ya karatasi.

Kadhi alitazama mlangoni, kisha akamtazama karani. "Andika: shahidi alimwona mara ya mwisho akitoka kazini kwake."

"Sheikh," alisema Bi Mwatima, "nnaomba iandikwe nilivyosema."

"Bibi." Mzee aliinama, akapunguza sauti. "Mie nataka huyu mwanamke atoke hapa leo akiwa amefunguliwa. Ukitaka jina lile liandikwe, kesi hii haitakwisha leo. Pengine haitakwisha kabisa. Chagua."

Bi Mwatima alikuwa amekuja kulipa, na sasa aliambiwa malipo yake yatatoka shingoni mwa mtu mwengine. Ni Tahera aliyejibu.

"Jina liacheni," alisema. "Mie nshalisikia. Lakini kutoka kazini kila mtu anatoka. Andikeni *amechukuliwa*."

Kadhi alizungusha tasbihi yake mara mbili tatu.

"Andika," alimwambia karani. "Alichukuliwa kazini kwake, na hakuonekana tena."

Karani aliandika. Bi Mwatima, asiyeamini macho ya mtu mwengine, aliomba karatasi, akaifuata kwa kidole mpaka akalifikia neno lile, akalisoma herufi kwa herufi. Kisha akatia sahihi.

Tahera alianza eda siku hiyohiyo. Bi Mwatima alimpikia, akamchotea maji, akampeleka binti chuo cha Kurani na kumrudisha. Walizungumza kidogo. Mwezi wa pili Hija Jaku alikuja, akasimama nje ya mlango mkubwa.

"Nimesikia ulikwenda kwa kadhi," alisema.

"Nilikwenda."

"Na jina langu lilitajwa."

"Lilitajwa. Halikuandikwa."

Alichezesha funguo kiganjani. Alikuwa amezeeka, aliona Bi Mwatima, mashavu yamemwanguka. Alimwambia Bi Mwatima kuwa jina lake halitarudi katika orodha ya wabunge, na kwamba nyumba inatakiwa.

"Ndani mna mwanamke yuko edani," alisema Bi Mwatima. "Siku zake zikitimia tutatoka sote. Mpaka hapo, Ndugu Hija, ukitaka kuingia ingia, na mie nitawaambia watu wa Kiponda umeingia kwa nani na kwa sababu gani."

Hija alikitazama kizingiti kwa muda, akageuka akenda zake. Hakurudi, wala hakutuma mtu. Bi Mwatima alikaa kila siku akimtazamia, na kila gari lilipopunguza mwendo karibu na kichochoro alitoka roshani kutazama.

Miezi minne na siku kumi zilipotimia, Tahera alioga, akavaa kanzu ya kijani, akaomba watoke watembee. Walipita sokoni Darajani, wanawake wawili na mtoto katikati. Watu walikuwa wengi. Bi Mwatima aliona kwamba kila mwanamume mrefu aliyepita, Tahera alimtazama uso, haraka, kisha akahamia kwa anayefuata.

"Nnajua," alisema Tahera, kabla hajaulizwa. "Eda nimemaliza. Macho hayajui."

Mwaka wa sabini na mbili Tahera alipata ruhusa ya serikali ya kwenda kwa kaka yake Dar es Salaam. Bi Mwatima, aliyekuwa amesharudi Matemwe kwa mama yake na kwa ukunga wake, alikuja mjini kumsindikiza. Hawakukumbatiana. Tahera alimwambia, "Sijakusamehe bado, Bi Mwatima. Nikikusamehe nitakuandikia." Akamshika binti mkono wakapanda melini.

Barua ilikuja baada ya miezi saba. Ilisema kuwa ameolewa, mume ni mtu mwema, binti anasoma, na Dar es Salaam kuna joto sana. Bi Mwatima aliifuata kwa kidole kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Neno alilokuwa akilitafuta halikuwamo. Aliikunja, akaitia sandukuni, akachukua kikapu chake, maana kulikuwa na mwanamke upande wa pili wa kijiji aliyekuwa akiumwa uchungu tangu alfajiri.